Maziwa yalikwenda wapi? Jibu kwa mjukuu wa skwota wa Njoro

Swali: "Mwalimu, salamu kutoka Njoro, Kenya. Nyanya yangu alizaliwa kwenye shamba la mlowezi huku kwetu, baba yake akiwa skwota, yaani Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la Mzungu akilima na kufuga huku akimfanyia kazi. Hadi anafariki akiwa mkongwe alikuwa na msemo mmoja: 'Kabla ya kifagio tulikuwa tunakunywa maziwa.' Juzi kwenye matanga binamu yangu alituambia tuache kulialia. Alisema walowezi ndio waliotuletea mahindi, dawa na shule, na kwamba kuna wataalamu waliopima wakakuta Waafrika walizidi kuwa warefu chini ya mkoloni. Je, ni kweli? Kilimo cha walowezi kiliwafanya wenyeji waishi vizuri zaidi au vibaya zaidi? Na hicho kifagio kilikuwa kitu gani?"

Jibu: Nianze na kifagio, kwa sababu neno hilo peke yake linabeba nusu ya jibu.

Hilo ni jina walilolitoa maskwota wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 walowezi wa Bonde la Ufa walianza kuwafagilia mbali ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Waafrika waliokuwa wakiishi kwenye mashamba yao. Skwota aliambiwa apunguze mifugo au aondoke nayo. Aliyeuza aliuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu wenzake wote walikuwa wakiuza wiki hiyo hiyo. Aliyeamua kuiswaga kuirudisha rizavu, yaani maeneo yaliyotengewa Waafrika, alikuta huko nako hakuna malisho, na njiani kulikuwa na karantini za mifugo. Mzee aliyeingia Bonde la Ufa na mbuzi wachache akawazidisha hadi kundi kubwa aliona jasho la miaka kumi na tano likiyeyuka kwa msimu mmoja.

Kwa nini wakati ule? Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa: walowezi walikuwa wameanza kuleta ng'ombe wa kigeni wa maziwa, na ng'ombe wa skwota, walisema, wangewaambukiza ndigana na sotoka. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Lakini tazama pia kalenda. Mwaka 1925 wafugaji wa Kizungu waliunda ushirika wa maziwa, ile KCC unayoijua, na Naivasha ikawa mojawapo ya vituo vyake vya mwanzo. Siagi ikawa bidhaa, na malisho yaliyokuwa yakiliwa na mbuzi wa skwota yakawa na bei. Maziwa hayakupungua katika Bonde la Ufa miaka ile, yaliongezeka sana. Yalibadilisha mlango tu, yakatoka kwenye kibuyu cha nyanya yako yakaingia kwenye mikebe iliyopelekwa stesheni.

Ili uone uzito wa jambo hili inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wengi hudhani skwota alianza akiwa maskini. Sivyo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Serikali ilitaka mizigo ya kulipia reli hiyo, ikaona dawa ni kuleta walowezi. Sheria ya ardhi ya 1902 iliwapa mikataba ya hadi miaka 99. Ile ya 1915 ikairefusha hadi 999. Wamasai waliokuwa wakichunga kati ya Naivasha na Nakuru waliondolewa kwa mkataba wa 1904, wakapelekwa wengine Laikipia na wengine kusini, kwa ahadi ya kudumu. Ahadi ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 wa Laikipia nao wakatakiwa kuhamia kusini. Walikwenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1913.

Basi mlowezi akajikuta na maelfu ya ekari na hana mikono ya kulima. Upande wa Kiambu na Limuru, ambako yapata ekari 60,000 za Wakikuyu zilikuwa zimekatwa na kugawiwa Wazungu, kulikuwa na watu wenye mikono na mbuzi lakini hawana pa kuchungia. Makubaliano yalikuja yenyewe: njoo ufanye kazi kwangu, ulime kipande chako, uchunge wanyama wako. Kwa miaka kama kumi na tano hivi, familia nyingi za maskwota zilikula vizuri kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna wanaoandika historia ya skwota kana kwamba alizaliwa mtumwa. Alikwenda kutafuta, na kwa muda alipata. Hata sheria ya 1918 iliyomlazimisha kufanya kazi siku 180 kwa mwaka ilimwachia nusu nyingine ya mwaka na zizi lake.

Kwa hiyo nyanya yako aliyajua maisha ya kabla na ya baada, ndani ya shamba lile lile, chini ya mlowezi yule yule. Mtafiti anaweza kutafuta miaka mingi asipate shahidi wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye maziwa na mwili. Mwaka 1931 wataalamu wa lishe na tiba, John Boyd Orr na John Gilks, walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya Kenya kuhusu lishe ya Wamasai na Wakikuyu. Walikuta mwanamume wa Kimasai kwa wastani amemzidi mwenzake wa Kikuyu inchi 5 kwa urefu na ratili 23 kwa uzito, na nguvu za misuli zimemzidi kwa nusu. Wakaeleza: Mmasai anaishi kwa maziwa, nyama na damu, Mkikuyu kwa nafaka na viazi. Takwimu hizo zilinukuliwa miaka mingi kama mfano wa madhara ya chakula kibovu, na kibaya zaidi, kama tabia ya kabila. Eti Mkikuyu ndivyo anavyopenda kula.

Ukikaa na habari hiyo kwa utulivu unaona kasoro. Urefu wa makabila mawili yenye asili tofauti si kipimo cha chakula peke yake. Pia uchunguzi ulifanyika mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya robo karne ya kukatwa ardhi, baada ya vita, na katikati ya kifagio. Waliandika kile walichokikuta kwenye chungu kana kwamba chungu kilikuwa hivyo tangu Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa kabila hilo katika simulizi. Chakula cha zamani cha Mkikuyu kilikuwa na wimbi, mtama, mawele, viazi vikuu, ndizi, kunde, mboga za majani za kila aina, na njahi, zile kunde nyeusi ambazo mpaka leo mama aliyejifungua hupikiwa. Hata Orr na Gilks waligundua kwamba wanawake, waliokula majani mengi kuliko waume zao, walikuwa na hali tofauti. Jambo hilo lilipaswa kuwashtua zaidi kuliko lilivyowashtua.

Na hapo ndipo mahindi ya binamu yako yanapoingia. Ni kweli kilimo cha walowezi kilieneza mahindi, hasa meupe, kwa sababu ndiyo yaliyotakiwa na soko la nje. Mahindi yalikuwepo kabla yao lakini yakiwa ya rangi rangi na yakiwa chakula kimoja miongoni mwa vingi. Mahindi meupe hayana ile rangi ya njano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtu anayekula ugali mweupe pamoja na maziwa na mnavu hadhuriki. Mtu anayekula ugali mweupe na chumvi, huyo ana shida, na shida hiyo huonekana kwanza kwa mtoto aliyeachishwa ziwa.

Hebu tuchukue posho tuitazame. Kibarua wa shamba alipimiwa ratili mbili za unga kwa siku, karibu gramu 900. Ukipiga hesabu ya nguvu ya chakula, ni zaidi ya kalori 3,000. Mtu mzima anatosheka hata akichimba mitaro. Mlowezi angekuonyesha hesabu hiyo na angekuwa sahihi. Lakini posho ilikuwa ya mfanyakazi. Mke hakuwemo, mtoto hakuwemo. Unga ule ulipofika kwenye kibanda chenye watu watano uligawanywa, na mboga ilitegemea kama mama alipata muda wa kulima. Kabla ya kifagio pengo hilo lilizibwa na maziwa ya mbuzi na ng'ombe wao. Baada yake lilibaki wazi.

Muda wa mama nao haukuwa wake. Msimu wa kuchuma kahawa na baadaye pareto, wanawake na watoto ndio walioitwa, kwa malipo madogo kuliko ya wanaume. Kule rizavu ilikuwa namna nyingine ya shida hiyo hiyo: wanaume wameondoka kutafuta pesa ya kodi, jembe lote limebaki kwa mwanamke. Kodi ililipwa kwa kila nyumba, kwa hiyo mwenye wake watatu alilipa mara tatu. Ilipandishwa hadi shilingi 16 mwaka 1921, mwaka ule ule walowezi walipokata mishahara ya vibarua kwa theluthi moja. Harry Thuku, mwanasiasa wa Kikuyu, alipoanza kupiga kelele, kulazimishwa kwa wanawake kufanya kazi kulikuwa miongoni mwa malalamiko yake, pamoja na kodi na kipande, kile kitambulisho cha lazima cha kibarua. Tarehe 16 Machi 1922 umati uliodai aachiliwe ulipigwa risasi Nairobi, na mwanamke, Mary Nyanjiru, ni mmoja wa waliouawa. Kodi ikateremshwa hadi shilingi 12, ambazo bado zilikuwa karibu mshahara wa mwezi mzima wa kibarua.

Kipande chenyewe labda umewahi kukiona kwenye makumbusho: kikopo kidogo cha chuma chenye kamba ya kuning'iniza shingoni, ndani yake karatasi iliyokunjwa. Karatasi ina alama za vidole, jina, kabila, jina la mwajiri, kiwango cha mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuachishwa. Kilianza kutumika kwa nguvu mwaka 1920. Watu hukumbuka aibu yake, na ilikuwepo, lakini mimi naona uchungu wake mkubwa ulikuwa kwenye ule mstari wa mshahara. Mwajiri mpya alisoma ulikuwa ukilipwa ngapi. Na bila saini ya mwajiri wa zamani kwenye nafasi ya kuachishwa, ulihesabiwa mtoro. Mtu hawezi kupatana bei ya jasho lake akiwa na karatasi ya namna hiyo shingoni.

Sasa hoja kubwa ya binamu yako, ile ya urefu. Hakuitunga. Wapo watafiti waliokusanya vipimo vya wanaume walioandikishwa jeshini Kenya, katika KAR (jeshi la kikoloni la King's African Rifles) na waliofuata, wakalinganisha kwa mwaka wa kuzaliwa. Urefu wa mtu huamuliwa zaidi tumboni mwa mama na katika miaka miwili mitatu ya kwanza, kwa hiyo kipimo hicho ni kama barua iliyoandikwa utotoni. Matokeo yao kwa jumla ni kwamba hali ya lishe na afya haikuporomoka katika ukoloni, bali ilipanda. Nimewasikia wenzangu wakitaka kuufukia utafiti huo. Mimi siufukii, lakini nauliza unaanza kupimia wapi.

Unaanzia shimoni. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka karibu ng'ombe wote katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ikafuata ndui. Kisha ukame na njaa iliyowaua Wakikuyu na Wakamba wengi kati ya 1897 na 1900. Mtoto aliyezaliwa wakati ule na akapona ndiye mstari wetu wa mwanzo. Yeyote aliyezaliwa 1925 angeonekana mwenye heri akisimama kando yake. Tena ni njaa hiyo hiyo iliyowafanya maofisa waangalie Kiambu waseme ardhi ni tupu. Wenyewe walikuwa wamekufa au wamekimbilia kwa jamaa zao Murang'a, wakingoja mvua wakarudi. Sheria ya 1902 iliwahi kufika kabla yao.

Kisha tujiulize faida iliyopatikana ilitoka wapi. Sehemu yake ilitoka kwenye sindano. Miaka ya 1920 idara ya tiba ilipoanza kuchoma sindano za buba, watu walipanga foleni wenyewe, kwa sababu waliona vidonda vikikauka kwa siku chache. Chanjo ya ndui nayo ilisaidia, na treni iliweza kupeleka unga penye njaa. Hayo ni mambo ya dola na ya tiba, na nayahesabu kuwa mema. Hayahitaji mlowezi. Uganda na Gold Coast (Ghana ya leo) zilikuwa na reli na sindano, na wakulima wenyewe ndio waliopanda pamba na kakao. Kenya Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa hadi miaka ya 1930, ilipoanza kuruhusiwa kwa majaribio Meru na Kisii, na hapo ni baada ya walowezi kupinga kwa muda mrefu wakidai wangeibiwa matunda na miti yao ingeambukizwa magonjwa. Swali la haki, basi, ni kama mlowezi aliongeza au alipunguza kile ambacho reli na dawa zingeleta zenyewe. Kwa maoni yangu alipunguza.

Ushahidi wangu ni rizavu zenyewe. Ardhi ikishakatwa, watu na mifugo hubanwa, udongo huchoka, kisha serikali inawalaumu wenyeji kwa udongo kuchoka. Mwaka 1938 Wakamba wa Machakos walianza kunyang'anywa ng'ombe ili kupunguza mifugo, na ng'ombe hao wakauzwa kwa lazima, kukiwa na kiwanda cha nyama cha Liebig kimejengwa Athi River kikingoja. Muindi Mbingu aliwaongoza watu kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi wakidai kumwona gavana. Serikali ilisalimu amri kuhusu mnada wa lazima, ila Muindi Mbingu mwenyewe akahamishiwa Lamu. Huo nao ni kifagio, ila sasa kimefuata watu nyumbani kwao. Na mwaka 1942, vita vikiwa vimepandisha thamani ya chakula, serikali iliweka udhibiti wa mahindi ambao ulimlipa mkulima wa Kizungu bei ya juu kuliko Mwafrika, kwa mahindi yanayopikwa ugali ule ule. Mwaka uliofuata kulikuwa na njaa.

Wasomaji wa Tanzania huniuliza mbona mimi ni Kenya tu. Tanganyika walowezi walikuwa wachache na mashamba makubwa yalikuwa ya mkonge, yakifanywa kazi na manamba waliotoka mbali kama Kigoma, Songea na Ruanda-Urundi. Madhara yalienea tofauti: Tanga ilipata vibarua, vijiji vya mbali vilikosa wanaume. Lakini penye mlowezi mfugaji hadithi inafanana. Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha Wazungu wafuge, na Kirilo Japhet akaenda kuyasema Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

Kwa familia yako, yaliyofuata huenda unayajua vizuri kuliko mimi. Sheria ya maskwota ya 1937, iliyoanza kubana kweli mwaka 1940, iliwapa walowezi, kupitia halmashauri zao za wilaya, uwezo wa kuamua skwota alime ekari ngapi na afuge nini. Baada ya vita siku za kazi zilipanda hadi 240, kwingine 270. Maskwota walikuwa zaidi ya laki mbili wakati huo. Waliokataa kuweka kidole kwenye mikataba hiyo walifukuzwa. Wengine walikuwa wameshapelekwa Olenguruone, kwenye makazi ya serikali, wakapangiwa hata namna ya kulima, wakala kiapo cha umoja, wakafukuzwa tena, wengine wakaishia Yatta kwenye ukame. Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, wengi wa wapiganaji wa Mau Mau walioingia msituni kutoka Bonde la Ufa walikuwa watoto wa kifagio.

Ukitaka kumjibu binamu yako kwa karatasi, nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, kwenye lile jengo la zamani la benki. Omba faili za kazi na za maskwota za wilaya ya Nakuru, kuanzia 1924 hadi 1930; utakuta ripoti za wakuu wa wilaya zikizungumzia kupunguzwa kwa mifugo. Jina la nyanya yako usilitafute kwenye orodha za kipande, kwa sababu wanawake hawakuandikishwa. Tafuta la baba yake. Na kabla hujasafiri, waulize wazee waliobaki Njoro walikuwa na mbuzi wangapi, na nani alikuwa akikamua.